Unabii, utabiri, na kitenzi kilichochoka

SWALI: Shemeji yangu ametuma kwenye kikundi cha familia picha ya kitu cha udongo chenye alama kama kuku amepita juu yake. Chini ameandika: "Wanaakiolojia wathibitisha utabiri wa Isaya kuhusu masihi Koreshi." Nimemwambia utabiri ni wa mvua, wa Isaya ni unabii. Tumewekeana soda. Nani ameshinda? Na huyo Koreshi anaitwaje masihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Soda ni yako, ila mmiminie shemeji nusu glasi.

Katika Kiswahili cha leo ujumbe wa nabii ni unabii. Utabiri tumewaachia watu wa hali ya hewa, wachambuzi wa mpira na waganga wanaobandika namba zao za simu kwenye nguzo za umeme. Hata hivyo mpaka huo haukuchorwa zamani. Tabiri limetoka katika Kiarabu, ambako ta'bir ni kufasiri ndoto, kazi aliyoifanya Yusufu gerezani. Nabii nalo limepitia huko huko, na ndugu yake wa Kiebrania ni navi. Waliotafsiri Biblia ya Union Version hawakuyatenga maneno haya kama unavyoyatenga wewe: katika Yoeli wana na binti "watatabiri", na walipofika kwa Wakorintho kipawa hicho hicho wakakiita "kuhutubu". Kwa hiyo shemeji ana mashahidi, tena wa kanisani.

Koreshi naye hana kosa. Masihi ni aliyepakwa mafuta: mashiakh kwa Kiebrania, masih kwa Kiarabu, na Wayunani walipolitafsiri wakapata khristos. Daudi alikataa kumdhuru Sauli pangoni kwa kuwa Sauli ni "masihi wa BWANA", na tabia za Sauli tunazijua. Isaya 45:1 inampa jina hilo mfalme wa Uajemi, na aya chache mbele anaambiwa wazi kwamba hamjui aliyemwita. Myahudi akisoma hapo hashtuki. Kwake masihi ni mfalme au kuhani aliyetiwa mafuta, na yule anayengojewa ni mtu wa ukoo wa Daudi atakayewakusanya waliotawanyika na kulijenga upya Hekalu. Kwa Mkristo neno limeshakuwa jina la mtu mmoja, ndiyo maana wewe ulishtuka. Mabishano ya miaka elfu mbili yamekaa ndani ya M kubwa. Shemeji aliandika kwa m ndogo, sawasawa kabisa. Mwongezee soda.

Sasa nije kwenye neno ambalo nyote wawili mmeliruka mkigombania chupa: "wathibitisha".

Shina lake ni thabiti. Kuthibitisha jambo ni kulifanya lisimame lenyewe bila kushikiliwa, hata asiyelipenda alikubali kwa shingo upande. Lilikuwa neno la mahakamani, watu wakilitamka wanakohoa kwanza. Kisha zikaja simu. Umetuma shilingi 5,000: imethibitishwa. Thibitisha namba yako. Thibitisha kuwa wewe si roboti. Toka hapo likawa la kila mtu na la kila kitu, mpaka juzi nimesoma habari iliyoanza na "imethibitika kuwa huenda". Nikafunga simu nikaenda kumwagilia mchicha. Kama imethibitika, "huenda" inatafuta nini hapo?

Turudi kwenye picha ya shemeji. Kama ni kile ninachokidhani, ni mche wa Koreshi, kipande cha udongo kisichozidi sentimita 23, kilichochimbuliwa Babeli mwaka 1879 katika uchimbaji ulioongozwa na Hormuzd Rassam. Sasa kipo British Museum, London. Koreshi aliiteka Babeli mwaka 539 KK, na maandishi hayo yanaeleza jinsi alivyoingia bila vita, kwa nini alistahili kuingia, na jinsi alivyorudisha miungu ya miji kwenye mahekalu yake na watu kwenye makao yao. Ni mali adimu, na mtu wa mambo ya kale akikisogelea atashusha sauti.

Lakini kisome. Aliyemchagua Koreshi humo ni Marduki, mungu wa Babeli, aliyezunguka nchi zote akitafuta mfalme mwadilifu, kisha akamshika mkono. Katika Isaya pia Koreshi ameshikwa mkono, wa kuume, na BWANA. Miungu wawili, mkono mmoja. Miji inayotajwa kurudishiwa miungu yake ni ya pande za Mto Tigri. Yuda haimo. Yerusalemu haimo. Wayahudi hawamo hata kwa dokezo. Basi niambie, shemeji, kimethibitishwa nini? Kwamba Koreshi alikuwepo? Hilo hakuna aliyelibisha. Kwamba alikuwa na desturi ya kurudisha watu na miungu makwao? Hapo udongo unaafikiana vizuri na kitabu cha Ezra, kinachosema aliwaruhusu Wayahudi warudi Yerusalemu wakajenge Hekalu. Unaafikiana. Kitenzi hicho kipo, hakilipiwi ushuru, na kinatosha.

Kuhusu unabii wenyewe, swali ni lini jina la Koreshi liliandikwa katika Isaya. Wapo waumini wanaosema ni Isaya mwenyewe, zaidi ya karne moja kabla. Wataalamu wengi wanasema sura hizo ziliandikwa wakati wa uhamisho wa Wayahudi kule Babeli, Koreshi akiwa tayari anasikika. Mche hausemi lolote juu ya hilo, wala hauwezi. Ukikuta mfukoni mwa koti la marehemu babu tiketi ya meli ya kwenda Unguja, umethibitisha kwamba tiketi ilikatwa. Hujathibitisha kwamba babu alipanda meli, sembuse kwamba alikwenda kuoa mke wa pili, hata kama bibi ameshika kiuno na anasema alijua siku zote.

Nina mfano mwingine wa kundi hilo hilo. Mwaka 1947 magombo yalianza kupatikana mapangoni Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, na mojawapo ni gombo la Isaya lenye sura zote 66, lililoandikwa kabla ya kuzaliwa Yesu. Ni la zamani kuliko nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana awali kwa karibu miaka elfu moja. Lilipopatikana, kitenzi kile kikatolewa tena kabatini: unabii umethibitishwa! Kilichothibitika (hapa nalitumia mwenyewe bila aibu) ni umri wa maandishi. Fungua Isaya 7:14 humo utakuta neno alma, mwanamke kijana. Waliotafsiri Kiyunani wakaandika parthenos, bikira, na Mathayo akalichukua hivyo akalielekeza kwa Mariamu. Myahudi anasema ishara hiyo alipewa Mfalme Ahazi, aliyekuwa na maadui wawili mlangoni, naye alihitaji jibu la wakati wake. Wote wawili wakisimama mbele ya gombo lile wataona herufi zile zile, na kila mmoja ataondoka na tafsiri aliyokuja nayo. Udongo na ngozi hutupa tarehe. Maana haichimbwi kwa sururu.

Ninayempenda zaidi, hata hivyo, ni Bar Kokhba, aliyewaongoza Wayahudi dhidi ya Warumi mwaka 132 hadi 135. Rabi Akiva, mwanachuoni mkubwa wa zama zake, alimwita masihi. Rabi mwenzake akamjibu kwamba nyasi zitaota mashavuni mwa Akiva na mwana wa Daudi bado hajafika. (Huyo ndiye aliyepaswa kuandika safu hii.) Kuanzia mwaka 1960 mwanaakiolojia Yigael Yadin alizikuta barua za Bar Kokhba katika pango karibu na Bahari ya Chumvi. Humo anajiita mkuu wa Israeli, anawafokea wasaidizi wake, na katika mojawapo anaagiza matawi ya mitende na matunda ya Sikukuu ya Vibanda. Umasihi hautajwi. Barua zake mwenyewe, na bado ukitaka kujua kama ni masihi zinakuachia orodha ya vitu vya kununua!

Sitashinda, najua. Neno likishaingia kwenye ujumbe wa miamala halirudi mahakamani. Kwa hiyo "umethibitisha kuja harusini?" nimeshalimeza, hata kadi za mwaliko nazisamehe. Ila kwenye mambo ambayo watu wameyabishania tangu enzi za Warumi, naomba vitenzi vyepesi vipewe nafasi: yaonyesha, yadokeza, yaafiki, yaelekea. Sentensi ya shemeji ingekuwa: "Maandishi ya Babeli yaafikiana na Ezra kuhusu desturi ya Koreshi ya kuwarudisha watu makwao." Ni ndefu, haina moto, na kwenye kikundi chenu hakuna atakayeisambaza.