Mwalimu Anajibu: Nyenje wa Kulisha Chura

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi Columbus, Ohio. Kitinda mimba wangu alipewa chura wa kijani wa Australia, wale wanene wa mitini, na anampenda kupita kiasi. Tatizo chura huyu hataki kitu ila nyenje hai, na dukani kila wiki ni pesa. Nikasema tuwafuge wenyewe. Nimewaweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko nilioutoboa matundu, nikawawekea udongo, majani ya saladi na kisosi cha maji. Wanakufa kila siku, wengine wamezama, na harufu inachoma pua. Nifanyeje?
*Mama wa watoto watatu*

Jibu: Marahaba mwanangu. Harufu hiyo ni amonia, inatoka kwenye vinyesi na mizoga iliyolowa. Chura anataka unyevu, ndiyo maana wengi hudhani na chakula chake kinataka hivyo hivyo. Sivyo. Nyenje anataka pakavu, joto na hewa, na ndoo yako haina hata kimoja.

Tafuta kasha kubwa la plastiki lenye kuta laini zisizopandika. Kata dirisha pana kwenye mfuniko, uzibe kwa wavu wa chuma. Wa nailoni watautafuna watoke. Udongo toa wote, chini pabaki patupu ufagie kwa urahisi. Weka trei za mayai za karatasi, uzisimamishe wima ili vinyesi vidondoke chini na wadudu wapate mahali pa kujificha, la sivyo watatafunana. Kisosi kiondoe leo hii. Weka sponji iliyoloweshwa na uioshe mara kwa mara, pamoja na vipande vya karoti. Joto liwe nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, kwa hiyo kwa baridi ya huko utahitaji mkeka wa umeme wa kupasha moto. Uweke upande mmoja tu wa kasha, wenyewe watachagua pa kukaa.

Kuzaliana si kazi. Jike utamjua kwa mrija mrefu mwembamba kama sindano ulio nyuma yake; dume hana, yeye ndiye mwimbaji. Wape bakuli la udongo mbichi, kina cha sentimita 4 hivi, ulifunike kwa wavu ambao mrija unapita lakini mwili haupiti, maana nyenje hufukua mayai na kuyala. Usiku mwite mwanao na tochi. Mtamwona jike anainua mgongo, anaelekeza mrija chini, anauzamisha wote, anatulia, anauchomoa, anasogea kidogo, anaanza tena. Mimi niliwafuga miaka mingi kwa ajili ya vyura wa maabara ya shule, siku hizi nawalishia vifaranga, na tendo hilo bado sijachoka kulitazama.

Baada ya siku mbili tatu hamishia bakuli kwenye kasha la pili, palepale penye joto, wala lisikauke. Mayai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 14, vitoto vya milimita 2 hivi. Wiki sita hadi nane baadaye ni wakubwa.

Sasa ninalotaka ulishike kuliko yote: usimlishe chura nyenje mwenye njaa. Chochote alichokula nyenje ndicho kinachoingia tumboni mwa chura. Nyenje ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Chura akiishi kwa nyenje watupu mifupa yake hulainika, taya likapinda. Kila siku wape pumba na chakula cha vifaranga, kwa sababu wakikosa protini wanalana. Siku mbili kabla ya kumlisha chura, waongezee karoti, viazi vitamu na mboga za majani zisizopigwa dawa. Karoti na viazi ni kwa ajili ya vitamini A. Huko huko Marekani, vyura wa Wyoming wanaozalishwa ili kuokoa jamii yao waliwahi kupungukiwa na vitamini hiyo, wakawa wanarusha ulimi na kumkosa mdudu.

Dakika ya mwisho tia nyenje kwenye mfuko wenye unga kidogo wa kalsiamu yenye vitamini D3, tikisa, kisha mpe chura papo hapo, maana nyenje hujipangusa. Urefu wa nyenje usizidi nafasi iliyopo kati ya macho ya chura. Waliobaki watoe, wana tabia ya kumng'ata akilala. Na mwambie kijana asimwonee huruma kila anapomtazama: vyura wa aina hiyo hunenepa vibaya. Mkubwa anatosheka na nyenje wachache, mara mbili au tatu kwa wiki.

Wakiendelea kufa hata baada ya kuwakausha, wakilala chali na miguu ikilegea, huenda ni kirusi kilichomaliza nyenje wa wafugaji wengi Ulaya na Amerika. Chura hakimdhuru. Teketeza wote, osha kila kitu, uanze na nyenje wenye mistari, ambao wanakihimili.

Swali: Mwalimu, nasoma chuo Iringa. Wenzangu wananicheka kwa kufuga wadudu. Kuna kazi yoyote kwenye ujuzi huu?
*Kijana wa Iringa*

Jibu: Ipo, na mfano uko jirani yako, Udzungwa. Chura mdogo wa Kihansi, anayezaa watoto badala ya kutaga, aligunduliwa mwaka 1996. Maji ya maporomoko yake yalipoelekezwa kwenye umeme, ukungu wa matone ya maji alioutegemea ukapungua. Baadaye ukaja ugonjwa wa kuvu. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Alisalia kwa sababu mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2010 baadhi wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiwa bondeni. Mtu mzima wa jamii hiyo ana sentimita 2 au 3, kitoto ni milimita 5. Anakula vijinzi vya matunda na vinyenje vilivyoanguliwa jana, na lazima kuwe na mtu wa kuvizalisha kila wiki bila kukosa. Waambie hao wenzako.

Ila usimtoe chura porini bila kibali, wala usilishe nyenje wa kuokota chini ya taa. Hujui walipita shamba gani lililopuliziwa dawa.

Swali: Madume ya nyenje yanalia usiku kucha. Nitawanyamazishaje?
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Mlishe chura madume yaliyokomaa kwanza, ubakize machache ya mbegu, dume moja kwa majike matatu linatosha. Kasha lihamishie stoo.