Bei elekezi ya brekdauni haitoshi, hela kubwa iko yadi

Mleta mada, pole sana. Nimeusoma uzi wako mpaka mwisho. Gari limekuzimikia barabarani hapo Dar, likavutwa na brekdauni hadi yadi ya kulaza magari usiyoichagua, ukadaiwa gharama ya kuvuta, juu yake gharama ya kulaza gari kwa kila siku, na vifaa vyako vya kazi vilivyokuwa kwenye buti ukanyimwa mpaka umalize deni. Umeuliza kama serikali ikitangaza bei elekezi tatizo litakwisha, na wengi waliochangia wamejibu ndiyo. Kwangu mimi bei elekezi ni jambo jema, ila peke yake haigusi mahali hela inapotengenezwa.

Nasema hivyo kwa sababu kazi hiyo nimeifanya. Niliendesha brekdauni kwenye miji inayopakana na Toronto, jimbo la Ontario, Kanada, kabla ya jimbo kubadili sheria na baada ya hapo.

Zamani leseni ilitolewa na manispaa. Kila mji ulikuwa na masharti yake, na miji mingi haikuwa na sharti lolote. Madereva walijibanza kandokando ya barabara kuu wakisikiliza taarifa za ajali, na ikitokea moja wanakimbizana, maana anayefika wa kwanza ndiye anayebeba. Mwenye gari katoka kugongwa, mikono inatetemeka, anawekewa karatasi asaini. Hana hata nafasi ya kuisoma. Sasa wadau, ile safari ya kuvuta gari kilomita chache haikuwa na faida ya maana. Faida ilikuwa mbele ya safari. Gereji ilimpa dereva kamisheni kwa kuletewa gari. Yadi ilikaa kimya siku nyingi bila kumwambia mwenye gari liko wapi, kwa kuwa kila siku ilikuwa na bei yake. Kampuni ya bima ikaletewa ankara iliyovimba, ikalipa, kisha ikapandisha ada kwa kila mwenye gari, hata yule ambaye hajawahi kuvutwa.

Hela hiyo ndiyo iliyozaa vita. Makundi yaligawana barabara, brekdauni zikachomwa moto usiku, watu wakauawa. Mei 2020 polisi wa York, upande wa kaskazini wa Toronto, walitangaza kukamata watu wengi kwenye operesheni moja kubwa. Baadaye hata askari kadhaa wa polisi wa jimbo walishtakiwa kwa kupendelea makampuni fulani ya kuvuta magari. Hapo ndipo serikali ya jimbo ilipoacha kuwatupia manispaa mzigo.

Sheria ilipitishwa 2021. Desemba mwaka huohuo walianza majaribio kwenye vipande vinne vya barabara kuu: kila kipande kampuni moja iliyochujwa ndiyo inayoitwa ajali ikitokea, wengine hawaruhusiwi kusogea. Ndani ya mwaka 2024, kampuni za kuvuta, yadi na madereva wote walitakiwa wawe na cheti cha jimbo, na kila kampuni iwasilishe bei zake za juu kabisa wizarani na kuzitangaza hadharani.

Lakini kilichobadilisha kazi yetu ya kila siku ni mambo madogo kuliko hayo. Kabla hujafunga mnyororo lazima mwenye gari asaini fomu ya ridhaa inayoonyesha gari linakwenda wapi, na yeye ndiye anayechagua, isipokuwa polisi wameagiza vingine. Kama gereji au yadi unayompendekezea inakulipa chochote, unatakiwa umwambie. Mali yake iliyomo ndani ya gari ataichukua bila kutozwa hata senti. Ankara yenye mchanganuo anapewa kabla ya kulipa, na akitaka kulipa kwa kadi huwezi kumlazimisha alete taslimu. Hilo la kadi wengi wanalidharau, lakini lina uzito: malipo ya kadi yanaacha alama, na dereva mwenye tamaa anaiogopa alama kuliko faini.

Na bado haijaisha. Mwaka 2025 polisi wa Toronto walikamata tena watu kwa ufyatuaji risasi uliohusishwa na biashara hii hii. Sababu ninayoiona mimi ni kwamba kamisheni haikufutwa, imetakiwa itajwe tu. Mtu aliyegongwa dakika tano zilizopita hana akili ya kupima kama kamisheni hiyo inamuumiza. Ningekuwa na uwezo ningeipiga marufuku kabisa.

Kwa hiyo kwa hapo nyumbani ningeanzia yadi. Itakiwe kumjulisha mwenye gari siku hiyohiyo, kwa ujumbe wa simu unaotunzwa, na kama haikumjulisha isidai hela ya kulaza hata ya siku moja. Kuzuia vifaa vya kazi vya mtu kuwe kosa, kwa sababu fundi bila vifaa vyake hana pa kuitoa hiyo hela mnayomdai. Anayeagiza gari livutwe asiwe na mgawo kwenye malipo, awe ni mtu wa maegesho au trafiki. Halafu mamlaka iwe moja. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, tayari inapanga nauli za mabasi na watu wanajua pa kulalamika wakizidishiwa. Sioni kwa nini mtu aliyevutiwa gari azungushwe kati ya polisi, halmashauri na dalali.

Kwa gari lako la sasa, mkuu, andika barua ya kudai mchanganuo: nani aliagiza livutwe, saa ngapi, kutoka wapi hadi wapi, na siku za kulaza zimehesabiwa kuanzia lini. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri ubaki nayo. Ukilipa, usikubali kuondoka na karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kabla hujasaini kuwa umelipokea, lizunguke na simu ukirekodi, fungua buti na uhesabu vifaa mbele yao.