Sensa za kiwandani kwenye 2JZ (injini ya Toyota ya silinda sita): zibaki au zitolewe?

Kaka, usikimbilie kununua sensa mpya ati kwa sababu umefunga MegaSquirt, kompyuta ya injini isiyo ya kiwandani. Nyingi za Toyota zinabaki. Ya temperecha ya maji ni waya mbili tu, na ukinzani wake unashuka injini ikipata moto: kama ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, kama 300 ikifika 80. Shida ni kwamba kompyuta hiyo inakuja na jedwali la sensa za GM (General Motors), kwa hiyo ukiiacha hivyo inakudanganya. Chukua multimita, sufuria na kipimajoto, pima ukinzani kwenye barafu, maji ya kawaida na maji ya moto, kisha ingiza namba hizo tatu kwenye programu. Sensa ya joto la hewa fanya vivyo hivyo.

Sensa ya krenki (gurudumu lake lina meno 12 kwenye 2JZ zisizo na VVT-i) ni ya sumaku, haihitaji umeme. Angalia tu nyaya zake mbili zisibadilishane, la sivyo taiming itayumba na utahangaika na plagi bure.

Ukiacha kompyuta ya zamani nayo ifanye kazi, usigawe sensa moja ya joto kwa kompyuta zote mbili. Kila moja inapeleka volti zake kwenye waya huo, basi zote zinasoma uongo.

Ninayoitoa bila kufikiri ni sensa ya oksijeni ya kiwandani. Hiyo inajua "mafuta mengi" au "machache" basi. Kwa kutyuni funga Bosch LSU 4.9, sensa ya oksijeni inayopima kiwango chenyewe, na kidhibiti chake.