Chungu kisicho na jani si chungu kitupu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja, ninayempenda kama mwanangu, kanitumia picha ya bustani yake. Narcissus zake, yale maua ya kitunguu ya manjano, zimemaliza kuchanua, na majani badala ya kuyaacha ameyasuka. Kayasuka kweli, mistari mistari, twende kilioni, na mwisho wa kila msuko kaweka kimpira. "Shangazi, imekaa nadhifu, au sio?" Nikazima simu nikaenda kuchemsha chai.

Huyo ni wa nne mwaka huu. Wa kwanza alimwagilia chungu ambacho vitunguu vyake vimelala bila jani, mpaka kikanuka, wa pili na wa tatu sitaki hata kuwasema. Basi naandika mara moja, kwa ninyi mnaolima vitunguu vya maua huku Uingereza, mliokwisha kuchoka na tulipu za supamaketi na sasa mnawinda vile adimu. Kulala ni nini na kuchipua ni nini mnajua, sitaanzia huko.

1. Majani hayasukwi. Wala hayafungwi fundo, wala hayakatwi kwa kuwa mama mkwe anakuja. Ua la mwakani linapikwa sasa hivi ndani ya kitunguu, na jani ndilo jiko lenyewe. Hesabu wiki 6 tangu ua linyauke, na kama jani bado ni kijani, endelea kungoja. Likikukera, panda mbele yake hosta, ile mimea ya majani mapana, zinachelewa kutoka na zitalifunika.

2. Chungu kisicho na jani. Hapa niacheni nikae kitako.

Mwaka wangu wa tatu kwenye chama cha bustani cha mtaani kwetu, mzee mmoja wa Kiingereza alinipa bahasha ya mbegu za Fritillaria raddeana. Mnaoijua mnaijua: ua la kitunguu, binamu mpole wa Fritillaria imperialis, kwao ni milima ya Iran na Turkmenistan, kengele za rangi ya ndimu isiyoiva zimeinama chini ya kishungi cha majani. Mbegu zake ni bapa na nyepesi kama magamba ya samaki. Alizivuna mwenyewe, kwenye mmea aliouotesha mwenyewe. Akaniambia ua nitaliona baada ya miaka 5 au 6, nisiwe na papara.

Nikapanda Oktoba vyungu vitatu, nikafunika changarawe, nikaviacha nje vipigwe na baridi kama alivyoagiza. Machi zikaota: kijani kimoja kimoja, chembamba kama unyasi. Nilikuwa natoka alfajiri, kanga kiunoni na koti juu, nazihesabu. Zilifika 41. Kule Tanga dada yangu alikuwa akipokea picha za nyasi kila siku na kunijibu "mashallah" kwa subira ya ajabu.

Mwisho wa Mei zikaanza kupiga manjano. Nikazidisha maji. Zikazidi manjano, nikaongeza mbolea. Katikati ya Juni hakuna kitu, changarawe tupu vyungu vyote vitatu. Nikajua nimeziua. Aibu ikanitia pupa. Wageni wanakuja Jumapili, na hivi vyungu vimepanga foleni mlangoni kama mashahidi. Nikavimwaga kwenye tuta la mawaridi, nikavipanda pilipili.

Nilipokuwa navimwaga niliona punje nyeupe, kama za mchele uliovunjika. Nikadhani ni mayai ya konokono. Nikazisaga kwa kandambili, na nikahakikisha nimezisaga.

Ndiyo, wadogo zangu. Vile ndivyo vilikuwa vitunguu. Mwaka wa kwanza fritilaria hutoa jani moja, hujijaza kipunje chini, halafu hulala mpaka majira mengine. Zilikuwa hazijafa hata moja. Zilikuwa zimekwenda kulala kwa wakati wake, na mimi niliyekuwa nazimwagia maji nilikuwa nawapigia ngoma waliolala.

Msidhani imeishia hapo. Zilizonusurika kandambili zilichipua Machi iliyofuata katikati ya mawaridi, na mimi nikaingia na kijembe kupalilia "majani ya porini". Nilipalilia tuta lote. Karibu na mwisho, jani moja lilitoka na kitu cheupe chini yake, ukubwa wa choroko, kimekatwa katikati. Nikakaa chini kwenye tope na gauni langu la kazini.

La aibu zaidi ni kwamba nilidanganya. Kila mkutano mzee ananiuliza, "Watoto hawajambo?" nami najibu hawajambo. Mwaka uliofuata akauliza kama majani yamepanuka, nikasema yamepanuka, nikaonyesha na vidole. Nilikuwa nakwenda kusoma ili kujua uongo wangu umefikia umri gani. Mwaka wa tatu akasema angependa kuja kuwaona. Nikamweleza yote pale pale penye meza ya chai, hadi kandambili. Hakucheka. Akaniuliza, "Ulimwaga mwezi gani?" Nikasema Juni. "Mimi za kwangu nilimwaga Julai," akasema, akachukua biskuti.

Vuli ile akanipa bahasha nyingine. Hizo zilichanua mwaka wa 6, na vyungu vyake nilivigeuza kila Agosti kwa mikono yangu mwenyewe, mtu mwingine haruhusiwi kuvikaribia.

Sasa la kufanya: lebo mbili kila chungu, moja juu, moja imezikwa ndani, zote kwa penseli, maana wino hupauka juani.

3. Maji. Sisi wa pwani tumelelewa kwamba jioni ni ndoo na kopo, na mkono hautulii mpaka kila kitu kimelowa. Vyungu vya fritilaria na vya irisi ndogo, jani likikauka funga maji, weka penye kivuli pasipo mvua, rudi Septemba.

4. Udongo: nusu changarawe. Ukiona imezidi, ongeza kidogo tena.

5. Msiviweke jikoni. Lugha yetu wenyewe inatutega, kila kitu ni kitunguu. Dada yangu yule wa mashallah alikuja kututembelea, nikamkuta amemenya Narcissus tatu za bei mbaya na kisu kimefika kwenye ya nne, anatengeneza kachumbari. Ni sumu, zinatapisha vibaya. Yeye alichosema ni kwamba vitunguu vya Ulaya havina machozi.

6. Galanthus, vile viua vidogo vyeupe vya mwisho wa baridi, nunua ikiwa na majani yake, Februari au Machi, mara ua linapokwisha. Vile vikavu vya kwenye pakiti vingi vimekufa kabla hujalipa. Na msianze na zile za kuringia: mwaka 2015 kitunguu kimoja cha Galanthus aina ya 'Golden Fleece' kilinunuliwa mnadani pauni 1,390, na mwaka 2022 'Golden Tears' ikafika 1,850. Mtu aliyeua tatu za pauni 5 hana sababu ya kwenda huko. Tena wale mnaotoka likizo Uturuki na "zawadi" kwenye soksi: Galanthus za porini zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hazivuki mpaka bila kibali. Na hapa hapa Uingereza, sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Hata kama msitu mzima ni mweupe, hata kama hakuna anayekuona.

7. Mdudu mwekundu, yule anayeng'aa kama rangi ya kucha. Anakula fritilaria na mayungiyungi, na watoto wake hujipaka mavi yao wenyewe ili usiwaguse. Mkono ukisogea hujiangusha chali, tumbo jeusi juu, na juu ya udongo humwoni tena. Kwa hiyo kiganja kimoja kikinge chini kwanza, ndipo kingine kishike. Kuanzia Machi mwishoni pitia kila asubuhi.

8. Fritillaria imperialis inanuka kama mbweha. Si bomba la gesi, si paka aliyekufa. Mume wangu ameshaita fundi mara mbili.

Yule wa misuko kaniandikia usiku: amefumua yote, ameomba radhi, ila majani yamebaki na mawimbi, je, yatanyooka? Hayanyooki. Yaache hivyo hivyo mpaka Juni.