Ukiacha Nyama, Usiache Meza

Kila Januari kanisa letu hapa Kisumu hufungua mwaka kwa mfungo wa Danieli: siku 21 bila nyama, bila soda, bila vitamutamu. Kwa miaka kadhaa nilifunga kama wengi wanavyofunga, nikihesabu siku, na siku ya 22 nikawa wa kwanza kufika kwa buchari. Kisha mwaka mmoja siku hiyo ilifika nikaona sina haraka. Nikaongeza wiki. Wiki ikazaa mwezi, na mwishowe nikakaa miezi 14 bila kutia nyama kinywani. Kama nawe unafikiria kuiacha kwa ajili ya roho yako, nina machache ya kukuambia, na mengine ni ya aibu.

Kwanza, amua mapema nyama ni nini. Unacheka, lakini huku kwetu ukisema huli nyama utaletewa kuku. Ukisema kuku pia huli, utaletewa ngege mzima aliyekaangwa, na mwenye hoteli atakukodolea macho ukimkataa, maana kando ya ziwa hili samaki si nyama, ni chakula. Wakatoliki nao Ijumaa za Kwaresima huacha nyama lakini samaki wanakula. Danieli katika sura ya 10 anataja nyama na divai, samaki hamgusi. Mimi nilijiruhusu samaki na omena. Wewe amua lako, ila uamue ukiwa umeshiba.

Pili ni tumbo. Niliingia kwa pupa, nikala ugali na sukuma wiki asubuhi hadi usiku, kana kwamba utakatifu ni kukonda. Kufikia Machi suruali ilikuwa inashikiliwa na mshipi tu, na mahubiri nayasikia kwa mbali nikisinzia. Mama yangu alinicheka sana. Yeye ni Msabato wa upande wa Kendu Bay, na huko habari ya kula mboga si ngeni; misheni ya Wasabato ya Gendia ilianza mwaka wa 1906. Akanirudisha kwenye vyakula nilivyokuwa nimevisahau: nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ndengu, njugu karanga, na ile mboga chungu ya dek inayopikwa kwa maziwa na kulazwa hadi uchungu uishe. Akanikumbusha pia kwamba Danieli yule yule, katika sura ya kwanza ya Biblia yetu ya Kiswahili, aliomba mtama na maji. Mtama! Tunao hapa soko la Kibuye, tunaupita tukienda kununua unga mweupe.

Chai usinywe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye mboga na maharagwe. Ngoja saa moja hivi. Ukiacha nyama, samaki, mayai na maziwa yote kwa pamoja, basi vitamini B12 itabidi uipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mboga na nafaka hazikupi, na maombi ni ya kazi nyingine.

Sasa roho. Niliyoyapata nitayasema upesi kwa sababu hayahitaji maelezo marefu. Kila Ijumaa jioni tulikuwa wanne, kilo moja na nusu ya mbuzi, supu kwanza, halafu chupa mbili tatu. Nilipoacha, niliamua sehemu yangu ya pesa hizo niiweke kwenye bahasha. Mwezi wa nne niliifungua, nikakaa kitandani nikaitazama. Januari ile ile nilikuwa nimemwambia dada yangu kwamba sina hata shilingi ya kumsaidia karo ya mtoto wake. Sikuwa nimedanganya, nilikuwa nimeamini hivyo kabisa. Nikampelekea. Katika miezi yote 14, hiyo ndiyo siku ninayoweza kusema bila kusita kwamba mfungo ulinibadilisha.

Niliyoyapoteza ndiyo nataka uyasikie.

Nilipoacha nyama niliacha na ile meza. Niliona nikikaa pale, harufu itanishinda, na kwa kweli ingenishinda. Hakuna mfungo unaomlinda mtu na mbavu zinazokatwakatwa kwenye ubao mbele yake, chumvi pembeni. Basi nikawa naenda nyumbani mapema, nasoma, nasali. Miezi miwili ikapita. Nikaja kusikia kwa mtu baki kwamba mmoja wetu wanne alikuwa amepoteza kazi tangu Februari, na mkewe amerudi kwao na watoto. Wale wawili wengine walijua. Walijua kwa sababu walikuwa wakikaa naye kila Ijumaa. Mimi niliyekuwa nikimwombea kwa jina kila alfajiri sikujua.

Nilirudi Ijumaa iliyofuata. Niliagiza ugali na kachumbari, mhudumu akaniuliza kama nimefilisika. Harufu ilinitesa jioni mbili, ya tatu nikazoea. Kumbe ingewezekana tangu mwanzo.

Ugonjwa wa pili ulikuwa wa macho. Kwenye matanga, fahali anachinjwa, watu wanapanga foleni, nami nimesimama kando na sahani yangu ya maharagwe nikihesabu vipande vya wenzangu. Huyu amerudi mara ya pili. Yule amefunga mfuko wa kwenda nazo. Mfiwa yuko hatua kumi kutoka hapo, sijamsalimia vizuri. Paulo aliliona hilo zamani alipowaandikia Warumi, sura ya 14: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Nilikuwa naijua aya hiyo tangu shule ya Jumapili, ila nilikuwa nasoma nusu ya kwanza tu.

Halafu ukweni. Mke wangu ni Mwisukha, kwao ni upande wa Kakamega, na kwa Waluhya ingokho, kuku, ndiye heshima yenyewe ya mgeni. Firigisi yake, imondo, hapewi kila mtu. Baba mkwe aliniwekea mbele yangu. Nikasema asante Baba, mimi nimeacha nyama. Akaitazama sahani, akaisogeza pembeni taratibu, akaanza kuzungumzia mvua. Mama mkwe hakai nami mezani, ndivyo desturi yao ilivyo, lakini nilimsikia jikoni akimwuliza mke wangu kwa sauti ya chini: mkwe anaumwa nini? Safari ya kurudi hatukusemezana hadi tulipofika Kisumu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Mhindi ambaye hununua ndengu dukani kwake mjini. Kwao hawajala nyama tangu mababu, na hata vitunguu hawagusi. Nilimweleza mkasa wangu kwa kirefu, nikitegemea anipongeze. Akawa anapima ndengu tu. Kisha akauliza, "Lakini kwa nini unawaambia?" Nimenunua kwake miaka mingi, na kama si vile mwanawe alivyonidokeza, nisingejua kamwe kwamba hali nyama.

Jirani yangu Mwislamu naye kila Idi ya kuchinja hugawa nyama nyumba hadi nyumba, na ndiye aliyenionyesha katika sura ya Hajj kwamba nyama na damu havimfikii Mwenyezi Mungu, unaofika ni uchamungu. Mmoja hali na mwingine anachinja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kunihesabia vipande.

Basi siku hizi nafanya hivi. Nyama siinunui, wala haipikwi kwangu isipokuwa kwa mgeni. Bahasha ya Ijumaa ipo. Mezani na wenzangu nipo, na kachumbari yangu, na yule rafiki amepata kibarua Nakuru, huja mwisho wa mwezi. Lakini aliyechinja kwa ajili yangu nitakula chake, kidogo, nikishukuru.

Desemba tulienda tena Kakamega. Baba mkwe aliletewa sahani, akaitazama, akanitazama. Nikanyoosha mkono. Alinipa imondo bila neno, nami nikaila yote, na mke wangu akaondoka upesi kuelekea jikoni. Nikasikia mama mkwe akicheka huko nyuma: "Kwani mgonjwa amepona?"