Barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi: maswali yenu kuhusu maandamano Kisumu

Swali: Sisi watu wa bodaboda Kondele tunataka kuandamana kwa ajili ya barabara mbovu. OCS anasema hajatupa kibali. Tufanyeje?

Neno kibali lifuteni kabisa. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, mradi awe na amani na asibebe silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka mumwarifu OCS tu, siku 3 hadi 14 kabla. Andikeni jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, njia mtakayopita na saa, ambayo iwe kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mrudi nayo. Nimeona watu wakizozana mlangoni pa kituo kwa kukosa hicho kikaratasi.

Kama kuna mkutano mwingine ulioarifiwa mapema, mahali palepale na saa ileile, OCS ana haki ya kuwaambia mtafute siku nyingine. Anaweza pia kuzuia ikiwa hatari ya fujo iko wazi. Lakini "wakubwa wamekataa"? Mwombeni aiandike hiyo, mwone kama kalamu itashuka.

Swali: Na mkutano wa chama chetu cha akina mama, soko la Kibuye?

Haumhusu OCS. Pikeni chai.

Swali: Kijana wangu alikamatwa kwa maandamano Ijumaa jioni, wakamfikisha kortini Jumatatu. Si ni saa 24?

Ni saa 24, mama, lakini zikiisha wakati korti imefungwa, hupelekwa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa jioni huwa ndefu. Hata hivyo, tangu dakika ya kwanza ana haki ya kuambiwa kosa lake, kunyamaza na kuongea na wakili.

Swali: Polisi wakipiga risasi, nani atawauliza?

Sheria ya polisi ya 2011 inawataka waanze bila nguvu, na bunduki ije mwisho, maisha yakiwa hatarini. Wakiua au kujeruhi vibaya, lazima IPOA, mamlaka huru ya kuchunguza polisi, ijulishwe. Watu wa mtaa wa Nyalenda wanajua: mtoto wa miezi 6 alifariki Agosti 2017, na mwaka 2019 korti ya hapa Kisumu ikawabebesha polisi lawama. Kesi ile ilisimama kwa ushahidi. Kwa hiyo chukueni nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), fomu ya P3 (ya polisi, daktari huijaza kuhusu majeraha) na karatasi za hospitali siku hiyohiyo, na nakala ziwekwe nyumba nyingine.