Kuleni kwanza, mchezo baadaye
Dada, umeuliza kama mle kabla au baada ya mchezo wa kuigiza pale Kenya National Theatre, Nairobi, mkiwa na watoto na nyanya yao. Kuleni kabla, tena mapema. Mtoto mwenye njaa hatulii gizani, na mchezo ukiisha mdogo atakuwa ameshalala begani. Jumba liko Harry Thuku Road, mkabala na hoteli ya Norfolk, karibu na chuo kikuu, kwa hiyo mnaweza kula pilau na kachumbari mjini bila haraka kisha mpande taratibu kwa miguu. Nyanya mchukulieni teksi.

Kubwa zaidi, ulizeni mapema mchezo ni wa lugha gani. Vichekesho vingi huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, na inauma kumwona mzee amekaa kimya huku ukumbi mzima unacheka. Mkipata wa Kiswahili, au wa lugha yenu ya nyumbani, msiukose! Watoto waketisheni mbele, waone jasho usoni mwa waigizaji. Hilo runinga haiwapi. Na sweta mbebe, hasa Julai.